Namna ya kujiunga na sisi tunaotengeneza skana za vitabu, Iringa hadi Mbeya

Mgeni akifika kwenye karakana tunayokutania pale Mlandege, swali lake la kwanza huwa lilelile: "Hii mashine inakamua nini?" Simlaumu. Mbao mbili zimelala kama hori la ng'ombe, vioo viwili vinaning'inia juu yake, breki ya baiskeli imefungwa pembeni, nani atadhani hiyo ni skana ya vitabu? Nimeeleza kwa mdomo mpaka nimechoka. Sasa naandika, ili siku ukija uwe unajua unachokuja kufanya.

Mashine yenyewe ni rahisi kuielewa. Kitabu kinalala mgongo chini kwenye mbao zenye umbo la V, kimefunguka nusu tu. Vioo vyenye umbo lilelile vinashuka na kunyoosha kurasa mbili kwa pamoja. Kamera mbili zinapiga, kila moja ukurasa wake. Unainua kioo, unafunua, unashusha, unapiga tena. Skana ya kawaida ya stationery inataka kitabu kilazwe kifudifudi na kukandamizwa, na kitabu kikuukuu hakivumilii mateso hayo. Ukifika ukurasa wa hamsini mgongo umeshapasuka.

Wazo hili si letu. Mwaka 2009 Daniel Reetz, mwanafunzi wa Marekani aliyeona vitabu vya chuo vinauzwa ghali kuliko kamera, alijiundia skana kwa kamera mbili ndogo na vifaa alivyookota jalalani, kisha akagawa maelezo yake bure. Watu wa nchi mbalimbali wakaiga, wakarekebisha, na wao wakagawa. Ndiyo maana hakuna wa kukuuzia uanachama. Michoro ni ya bure, programu ni za bure, kinachobaki ni mbao, vioo na mikono yako.

Kwanza, uwe na kitabu

Watu wengi huanza na kamera. Wananunua, wanaiweka kabatini, wanakaa. Anza na kitabu. Kipo kwenu: daftari la babu la hesabu za kahawa, kitabu cha nyimbo cha kanisani kilichochapwa kwa Kinyakyusa au Kihehe, kumbukumbu za vikao vya ukoo, daftari la mkunga aliyekuwa akiandika kila mtoto aliyezaliwa kijijini. Kitabu ambacho kikiungua au kikilowa hakuna duka la kukirudisha. Ukiwa nacho, utajua ukubwa wa mashine unayohitaji, na utakuwa na sababu ya kurudi Jumamosi ya tatu wakati ugeni umeisha na kazi imeanza kuchosha.

Na hapa niseme mapema ili tusije tukagombana. Hatutoi nakala za vitabu vipya vya dukani, hata mwalimu aje na darasa zima la kumuombea. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Daftari la babu yako nalo lina wenyewe: waulize ndugu kabla hujalileta. Tumewahi kukaa na daftari moja mwezi mzima bila kuligusa kwa sababu shangazi mmoja hakuwa ameambiwa. Alipoambiwa akakubali, ila ilibidi tumfuate mpaka Makambako.

Kuwapata watu

Waulize mafundi seremala na mafundi vioo, maana mtu akitengeneza skana lazima atapita kwao, na fundi hasahau mteja aliyemwagiza kitu cha ajabu. Ongea na mhudumu wa maktaba ya mkoa. Kwa Mbeya, dodosa wanafunzi wa MUST, kile Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na upite kwa mafundi wa Mwanjelwa. Kwa Iringa kuna wanafunzi wa Mkwawa na wa Chuo Kikuu cha Iringa. Usipompata mtu, basi anzisheni wenyewe. Watu watatu wanatosha: mmoja anayejua mbao, mmoja anayeelewa simu na kompyuta, na mmoja mvumilivu. Huyo wa tatu ndiye adimu.

Jumamosi yako ya kwanza ni ya kufunua kurasa

Usishangae ukifika hupewi bisibisi. Utapewa kiti na kitabu, na utafunua. Kila mmoja wetu alianzia hapo, akiwemo fundi seremala mwenye karakana, ambaye alinuna.

Tuna sababu. Mtu ambaye hajafunua kurasa mia mbili hajui mashine inapouma. Hajui kwamba kioo kikiinuka juu sana bega linachoka, kwamba kidole gumba hubaki kwenye picha, kwamba kurasa mbili zilizonatana hupita kama moja usiposikiliza sauti ya karatasi. Osha mikono kwa sabuni, ikauke kabisa. Usilambe kidole, najua bibi yako anafanya hivyo. Funua kwa kushika kona ya juu, upande wa nje, na usubiri kioo kitulie ndipo upige. Ukitaja namba ya ukurasa kwa sauti kila unapofunua utajiona mjinga kwa dakika tano hivi, kisha utaona faida yake.

Kitabu cha kurasa 300 kina mafunuo 150. Mkifanya wawili, mmoja akifunua na mwingine akivuta breki, na kila funuo likichukua sekunde kumi, mnakimaliza chini ya nusu saa. Siku ya kwanza itachukua mara tatu ya hapo. Ni sawa.

Boksi la nyumbani

Kabla hujatoa hela ya mbao, jenga boksi. Chukua boksi gumu, lile la karatasi za fotokopi linafaa, ulikate juu yake umbo la V. Laza kitabu. Weka kipande cha kioo cha fremu ya picha juu ya ukurasa mmoja. Simu ifunge kwenye fito kwa mpira, ielekee ukurasa moja kwa moja, isiinamie upande wowote. Piga kurasa zote za kulia mpaka mwisho, kisha geuza boksi upige za kushoto.

Tumia lenzi ya kawaida ya simu, ile pana sana inapinda mistari ya pembeni. Flashi izimwe. Na usiibonyeze simu kwa kidole, itatikisika: simu nyingi hupiga picha ukibonyeza kitufe cha sauti kwenye waya wa earphone, kwa hiyo chomeka earphone na ukae mbali.

Halafu fanya jaribio ambalo wengi hulikwepa. Weka rula juu ya ukurasa, piga picha, ifungue kwenye kompyuta, uhesabu nukta za picha (pikseli) zilizopo kati ya sentimita 0 na 10. Ukipata karibu 1,181 au zaidi, una nukta 300 kwa inchi, na hicho ndicho kipimo kizuri kwa maandishi ya kitabu. Ukipata mia sita au mia saba, sogeza simu karibu. Kwa hesabu hiyo ukurasa wa A4 unataka picha ya kama megapikseli 9, na wa A5 nusu ya hapo. Kamera iliyoandikwa megapikseli 12 inatosha kabisa, usidanganywe na muuzaji.

Mashine ya mbao

Ukishaivumilia ile ya boksi, fundi atakukaribisha benchi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopoteza mbao.

Paini ya Sao Hill ni rahisi kupata huku kwetu, lakini ikinunuliwa mbichi hupinda inapokauka, na kitanda kilichopinda hakirekebishiki. Kwa zile mbao mbili za V tumia plaiwudi ya milimita 18. Paini iliyokauka vizuri ibaki kwenye miguu na fremu. Kila ubao wa kitanda uwe kama sentimita 35 kwa 45, hapo hata rejista kubwa inalala.

Kinachoamua kila kitu ni pembe. V yetu imefunguka nyuzi 100, yaani kila ubao umelala nyuzi 40 kutoka usawa wa meza. Fundi alibisha. "Guniya yangu mimi ni tisini, mwalimu. Hiyo mia utaipata wapi?" Tisini inafanya kazi, na mashine nyingi za mwanzo zilikuwa hivyo, lakini kwa mia tuliona mng'ao wa taa kwenye vioo unapungua na vitabu vigumu vinalala bila kulazimishwa. Tukachukua kipimapembe cha kwenye mkebe wa binti yake wa kidato cha pili, tukakata kabari mbili za nyuzi 40, na tangu siku hiyo hizo kabari ndizo kigezo chetu. Ukitaka kutengeneza yako utaazimwa. Zimeandikwa USITUPE kwa maka pen, kwa sababu ziliwahi kutupwa.

Vioo navyo vifuate kabari hizohizo. Kitanda na vioo vikipishana hata nyuzi mbili, ukurasa unabaki na tumbo katikati na mistari inatoka imepinda. Kioo cha milimita 4 kinatosha. Pale vioo vinapokutana ndipo panapoingia kwenye bonde la kitabu, kwa hiyo pasiwekwe fremu wala gundi nene. Vishike kwa vipande vya mbao vya pembetatu kwenye ncha mbili, juu na chini. Kingo zote zisuguliwe kwa msasa wa maji, polepole, mpaka upitishe kidole bila kuogopa. Perspeksi, ile plastiki angavu kama kioo, ni nyepesi na haivunjiki kirahisi, lakini inakwaruzika haraka na inavuta vumbi na karatasi kwa umeme wake tuli. Sisi tulianza na perspeksi, tukarudi kwenye kioo.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekifikiria mpaka kimkute: mgongo wa kitabu hausimami mahali pamoja. Ukianza, kurasa nyingi ziko kulia. Ukimaliza, zote zimehamia kushoto, na bonde limehama nazo. Kitanda kikiwa kimegandishwa, vioo vitashuka juu ya ukurasa badala ya bondeni. Kiweke juu ya reli za droo, zile za makabati ya jikoni, kitelee chenyewe kushoto na kulia.

Breki ya baiskeli ni ya kuvutia nyaya mbili kwa mpigo, kila waya ukibonyeza kitufe cha kamera yake. Fundi baiskeli yeyote atakufungia, na bei yake haizidi soda chache. Ukiwa na kamera ndogo za Canon kuna njia safi zaidi. Programu ya bure iitwayo CHDK huwekwa kwenye memori kadi, inakuruhusu kufunga fokasi na mwanga visibadilikebadilike, na kupiga kamera zote mbili kwa waya wa USB. Si kila modeli inaikubali, angalia yako kwanza. Haibadilishi kamera daima. Ukiitoa kwenye kadi, kamera inarudi ilivyokuwa.

Usipigilie misumari. Tumia bolti na nati za kukaza kwa mkono, mashine yote ifunguke. Utaelewa huko mbele.

Mwanga

Jua la Iringa ni tamu lakini halitulii. Wingu likipita, ukurasa wa 40 unakuwa wa bluu na wa 41 wa njano. Funga pazia, tumia taa. Taa mbili za LED za aina moja, zilizonunuliwa siku moja duka moja, zikae juu katikati, nyuma ya usawa wa kamera, ili mng'ao wake usirudi kwenye lenzi. Ukiona taa au kamera yenyewe ndani ya kioo, sogeza taa na utundike kitambaa cheusi nyuma ya kamera.

Ukiona mistari ya giza ikikatisha picha, ni taa inapepesa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na taa za bei rahisi hupepesa mara 100. Weka kamera ipige kwa 1/50 au 1/25 ya sekunde, mistari itapotea. Kwa kuwa kamera na mbao hazitikisiki, kasi hiyo ndogo haina madhara. Umeme ukikatika, na utakatika, taa za sola au za powerbank huendeleza kazi.

Kamera ya kushoto hupiga ukurasa wa kulia

Soma kichwa hicho mara mbili. Kwa sababu ya ile V, kila kamera inatazama ubao wa upande wa pili. Kurasa za kulia ndizo za namba witiri, kwa hiyo 1, 3, 5 ziko kwenye kadi ya kamera ya kushoto, na 2, 4, 6 kwenye ya kulia. Ziandike kadi kwa kalamu: WITIRI, SHUFWA. Ukizichanganya, kitabu kitaanzia ukurasa wa pili na kurudi wa kwanza mpaka mwisho wa dunia.

Kila mafunuo 50, simameni mlinganishe idadi ya picha kwenye kadi zote mbili. Lazima zilingane. Niliwahi kulipuuza hili nikiwa peke yangu na rejista ya kurasa 212. Kamera moja iligoma mara moja tu, mahali fulani katikati, sikusikia. Nyumbani usiku nikakuta picha 106 upande mmoja na 105 upande wa pili, na nikakaa hadi saa saba kutafuta ukurasa uliokimbia. Ulikuwa wa 88. Nikarudi kesho yake kilomita kumi na tano kwa ajili ya picha moja, na mwenye rejista alinipa uji, akacheka sana.

Kusafisha picha

Hii ni kazi ya jioni za masika. Scan Tailor, programu ya bure, inakuongoza kwa mpangilio: kugeuza picha zisimame, kutenganisha kurasa, kunyoosha, kuchagua sehemu yenye maandishi, kuweka pambizo, na kutoa picha safi. Ipe kitabu chote, kisha pitia kila ukurasa kwa macho, maana huwa inakata namba za kurasa na maandishi ya pembeni, na maandishi ya pembeni ya babu mara nyingi ndiyo matamu kuliko kitabu.

Kwa vitabu vilivyochapwa, Tesseract inageuza picha kuwa maandishi yanayotafutika, na Kiswahili inakijua. Kinyakyusa, Kihehe na Kibena haina. Tunaiambia isome kama Kiswahili kwa kuwa herufi ni zilezile za Kilatini, kisha mtu anayeijua lugha anasahihisha. Hapa ndipo wazee wanapotusaidia kuliko vijana wote wa kompyuta. Mwandiko wa mkono tunauacha kama picha, hatudanganyi mtu.

Picha za mwanzo usizifute. Zihifadhi mahali pawili, katika nyumba mbili.

Kwenda kwenye kitabu

Nimekwambia utumie bolti. Sababu ni bibi mmoja wa upande wa Kalenga, ambaye mjukuu wake alituambia ana daftari tatu za marehemu mumewe. Tulikwenda wawili kuziomba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Kamwene. Nimesikia mnataka daftari."

"Ndiyo, bibi. Tutalipiga picha Mlandege, tutalirudisha jioni."

"Daftari halitoki." Akatuongezea chai. "Lile la nne lilitoka. Alikuja mtu mwenye viatu vizuri kama vyako."

Mwezi huo tulifungua misumari yote. Sasa mashine inaingia kwenye bajaji moja: kitanda chini, vioo vimeviringishwa kwenye blanketi mapajani mwa abiria, kamera kwenye begi. Inafungwa kwa dakika ishirini. Ukifika nyumbani kwa watu, salimu kwanza, kaa, kula unachopewa, na umuombe mwenye kitabu afunue yeye mwenyewe, wewe vuta breki. Wasiwasi wake utaisha akiona kitabu hakikandamizwi. Bibi yule alifunua daftari zote tatu bila kumwachia mtu, na alikuwa akisimama kila mara kutusomea.

Kama kitabu kina ukungu, na kipindi cha mvua kuanzia Novemba vingi huwa nao, usikifungue ndani ya chumba. Vaa barakoa, kiweke kivulini penye hewa mpaka kikauke, kisha brashi laini, kutoka kwenye mgongo kuelekea nje. Juani kisiwekwe, karatasi itajikunja na wino utapauka.

Kabla ya kuondoka, mwenye kitabu aone picha kwenye kompyuta. Ndani ya wiki mbili apelekewe flashi ya USB yenye picha hizo, na kama hatumii kompyuta, nakala iliyochapwa na kufungwa vizuri. Bila yeye kuruhusu, hakuna mwingine anayepewa.

Tunakutana Jumamosi saa nane mchana, baada ya fundi kumaliza oda zake. Ukija, shuka na kitabu chako kwenye mfuko usiopitisha maji, na kama unayo njoo na bisibisi ya nyota. Yetu tuliisahau Kalenga, na bibi anasema nayo haitoki mpaka twende kunywa chai.